Kalamu ya Wino na Ubavu Wake wa Pili

Katika nyumba nyingi za Iringa na Mbeya haikosekani picha moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, ambayo pembe zake zimeanza kugeuka rangi ya chai. Ndani yake amesimama babu, au baba alipokuwa kijana, amevaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa, uso ameukaza kama mtu anayengoja kusomewa hukumu, na kwenye mfuko wa kifuani pameng'aa kibanio cha kalamu. Kalamu yenyewe haionekani. Kinachoonekana ni kile kipande kidogo cha madini kilichoshika pindo la mfuko, nacho mpiga picha amekitazama vizuri, akahakikisha kwamba mwanga umekipata.

Mara nyingi hatuwezi kusema kama kalamu hiyo ilikuwa mali ya mwenye picha, au aliiazima kwa rafiki, au aliipewa na mwenye studio kwa dakika zile chache. Seydou Keïta, mpiga picha mashuhuri wa mji wa Bamako nchini Mali, ambaye studio yake ilifunguliwa mwaka 1948, alikuwa ameweka saa, redio, suti na kalamu kwa ajili ya kuwaazima wateja wake wanaotaka kupendeza. Tusiwacheke watu hao. Mwaka 1967, miaka sita baada ya uhuru wa Tanganyika, watu wazima wapatao 67 katika kila 100 nchini mwetu hawakujua kusoma wala kuandika. Katika nchi ya namna hiyo kalamu mfukoni ilikuwa cheti. Ilisema habari za mtu kabla yeye mwenyewe hajafungua kinywa.

Nimezikumbuka picha hizo kwa kuwa kwa miaka kadhaa sasa, hapa Kihesa katika Manispaa ya Iringa, saa zangu za jioni nazitumia kutengeneza kalamu za wino kwa mikono, kwa rezini, na kuzipiga picha ili wanunuzi walio mbali wapate kuziona. Ni kazi ndogo, na sidai kwamba mimi ni bingwa wake. Lakini imenifundisha jambo moja juu ya kalamu, na jambo jingine zito zaidi juu ya picha, na hilo la pili nililijifunza kwa aibu. Yafaa niyaeleze yote mawili, maana vijana wengi wa Nyanda za Juu Kusini siku hizi huuza kazi za mikono yao kwa picha, na huenda wakaepuka shimo nililotumbukia.

UNYASI ULIOKUWA KALAMU

Neno kalamu tumelipata kwa Waarabu, nao walilipokea kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa na maana ya tete, yaani unyasi wa majini. Na kwa hakika kalamu ya kwanza ya pwani yetu ilikuwa tete lililochongwa kwa kisu na kupasuliwa ncha. Kwa kalamu za namna hiyo ziliandikwa na kupambwa misahafu ya Siyu, katika kisiwa cha Pate, ambayo hata leo wataalamu huisifu kwa uzuri wake. Taabu ya kalamu hiyo ni moja: haina ghala. Mwandishi huchovya, huandika maneno machache, kisha hurudi kidauni.

Watu wengi walijaribu kuipa kalamu ghala la wino ndani ya mwili wake. Petrache Poenaru, Mromania aliyekuwa akisoma Paris, alipata hataza ya kalamu ya namna hiyo huko Ufaransa mwaka 1827. Lakini kalamu hizo za mwanzo ama zilikataa kutoa wino, ama zilitoa wote kwa mara moja. Sababu yake mtoto yeyote aliyewahi kutoboa kopo la maziwa anaijua: ukitoboa tundu moja, maziwa hayatoki, hapana budi utoboe la pili ili hewa iingie. Lewis Edson Waterman wa New York alipata hataza mwaka 1884 kwa kuchonga, chini ya nibu, ulimi wenye mifereji myembamba. Wino hushuka kwa mifereji hiyo jinsi mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi, na hewa huingia kidogo kidogo kushika nafasi ya wino uliotoka. Kalamu zote za wino za leo, za bei kubwa na za bei ndogo, zimesimama juu ya ulimi huo.

Kalamu za zama hizo zilikuwa za mpira mgumu, nyingi nyeusi. Mwaka 1924 kampuni ya Sheaffer ya Marekani ilileta kalamu za seluloidi, na ndipo rangi zikaingia: kijani kama jiwe, bluu yenye mawingu, nyekundu yenye mishipa. Sasa nataka msomaji asimame hapa kidogo. Seluloidi hiyo, iliyotengenezwa kwa nyuzi za pamba zilizotiwa tindikali na kuchanganywa na kafuri, ndiyo iliyokuwa imekwisha kutumiwa na George Eastman tangu mwaka 1889 kutengeneza filamu za kamera. Kwa hiyo kulikuwa na wakati ambapo kalamu iliyokuwa mfukoni mwa mtu na filamu iliyokuwa ndani ya kamera iliyomkabili zilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Kisha ikaja kalamu ya kigololo, ambayo László Bíró wa Hungaria aliipatia hataza mwaka 1938, na mwaka 1950 Bic ya Ufaransa ikaanza kuiuza kwa bei ambayo kila mtu aliimudu. Kalamu ya biki imetusaidia sana, na mimi si mtu wa kuitukana. Bila hiyo watoto wetu wangeandika kwa nini? Lakini pamoja na faida hiyo tulipata mazoea mapya: ya kuandikia kitu tusichokijua kimetengenezwaje, ambacho hakitengenezeki kikiharibika, na ambacho hutupwa njiani bila mtu kugeuka nyuma.

UTOMVU WETU NA REZINI YA DUKANI

Kabla sijaendelea niondoe utata mmoja. Mtu wa Mufindi akisikia rezini atafikiri habari za misonobari ya Sao Hill, ambako wagemaji huyachubua magamba ya miti na kukinga utomvu unaochuruzika. Utomvu huo ni rezini ya kweli, tena yenye thamani: ukichemshwa hutoa tapentaini ya rangi na vanishi, na hubakiza donge gumu linalotumika katika gundi, sabuni na wino wa kupigia chapa. Lakini haufai kutengenezea kalamu, kwa sababu ni mwepesi kuvunjika na hulainika ukipata joto.

Rezini ya kalamu hutengenezwa viwandani kwa kemikali, na nyingi hutokana na mafuta ya petroli. Ninayoitumia mimi ni epoksi. Huja katika chupa mbili, moja ya rezini yenyewe na ya pili ya dawa ya kuigandisha. Zikichanganywa kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, chembe za moja hushikana na chembe za nyingine zikawa kama wavu mmoja, na kilichokuwa majimaji hugeuka kitu kigumu ambacho hakiyeyuki tena. Mafundi wa mashua na matangi ya faiba hutumia jamaa yake iitwayo poliesta. Zote si vitu vya kuchezea. Mvuke wake huwasha kifua, majimaji yake huharibu ngozi, na vumbi lake halifai kabisa kuingia mapafuni. Glovu, barakoa na dirisha lililo wazi ni sehemu ya zana, kama ilivyo patasi.

Ndani ya rezini mtu aweza kutia rangi, au kitu chochote kikavu anachotaka kionekane. Mimi nilichagua milulu, yaani unyasi ambao wanawake wa Iringa huusuka vikapu vinavyojulikana ndani na nje ya nchi. Niliona kwamba kwa njia hiyo kalamu ingerudi kwenye jina lake la kwanza: unyasi, ila safari hii umelala ndani ya kitu kiangavu kama maji ya kisima.

KAZI YA KARAKANA

Hatua ya kwanza ni kumimina. Rezini hukorogwa polepole, maana mkorogo wa haraka huingiza hewa, kisha humiminwa katika kalibu kwa mkondo mwembamba. Adui mkubwa hapa ni kiputo. Watengenezaji wengi wa epoksi huagiza kazi ifanyike katika joto la nyuzi 20 hadi 25, lakini Iringa mjini ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai usiku hushuka chini ya nyuzi 15. Rezini yenye baridi huwa nzito kama asali ya alfajiri. Viputo hutaka kupanda na haviwezi. Kazi huganda vikiwa njiani. Unyasi nao, hata ukionekana mkavu, huficha hewa na unyevu katika vinyweleo vyake. Mwenye uwezo hutia kalibu ndani ya chungu cha chuma, akakifunga na kukijaza hewa hadi mgandamizo uwe mara tatu au nne ya kawaida, viputo vikabanwa hata visionekane. Asiye na chungu hicho huzipasha chupa kwa maji ya uvuguvugu, huuanika unyasi siku nyingi, huupaka kwanza rezini nyembamba, na huiweka kalibu ndani ya sanduku lenye taa ya kutoa joto. Kisha husubiri. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii msemo huo ni sheria ya kemia.

Ya pili ni kukereza. Hapa Kihesa nina jirani, fundi seremala wa siku nyingi, ambaye kwenye mashine yake ya kukereza hutoa miguu ya vitanda na ya viti. Yeye ndiye aliyenifunza kushika patasi. Donge la rezini hutobolewa kwanza kwa keekee, kidogo kidogo, huku likitolewa mara kwa mara ili lipoe, kwani joto la msuguano huilainisha rezini na kuipasua kwa ndani. Ndipo hukerezwa kwa patasi kali. Patasi ikiwa kali, rezini hutoka kama utepe mrefu. Ikiwa butu, hutoka kama chumvi na huacha mashimo. Fundi huyo alinionya mapema juu ya tofauti ya vitu hivi viwili. Mti, hasa mpingo au mninga, una mishipa. Ukiwa na ufa husema kwa sauti kabla patasi haijafika. Rezini haina mishipa na haisemi. Kasoro yake utaijua umekwisha kuifikia.

Ya tatu ni hesi. Mwili, shingo na kifuniko sharti vishikane kwa hesi zilizokatwa kwa tepu na dai, na za kifuniko hukatwa mara tatu sambamba, ili kifungue kwa mzunguko mmoja au miwili badala ya mingi. Ya nne ni msasa, unaoanza mkavu na wenye meno, ukaendelea kwa maji kutoka namba 400 hadi 12,000, mpaka ukungu wote utoke. Mtu anayedhani kwamba kung'aa hutokana na polishi amekosea. Polishi hukamilisha tu. Anayeng'arisha ni yule aliyekuwa na subira ya kutoruka namba hata moja ya msasa.

Nibu sitengenezi mwenyewe, na sina haya kusema hivyo. Hata mafundi wengi wa Ulaya na Marekani huzinunua, nyingi zikiwa kazi ya viwanda vya Bock na JoWo huko Ujerumani. Katika ncha ya nibu nzuri huchomelewa nukta ndogo ya madini magumu, ili isilike kwa kusuguana na karatasi, na katikati yake hupasuliwa ufa mwembamba kuliko unywele, ambao ndio barabara ya wino. Kazi ya fundi ni kuhakikisha nyayo mbili za ncha hiyo zimelingana. Zisipolingana, nibu hukwaruza kama kucha.

Mwenye kalamu ya wino katika nchi yetu ya milima hana budi kujua jambo moja zaidi. Mgandamizo wa hewa hapa Iringa ni asilimia 83 hivi ya ule wa pwani. Hewa iliyojaza vijiko vitano Dar es Salaam hutaka nafasi ya vijiko sita Iringa. Kwa hiyo anayepanda Kitonga ndani ya basi, na kalamu yake imebaki nusu, atafika Ilula na mfuko uliolowa: hewa iliyomo imevimba na kuusukuma wino nje. Dawa yake ni rahisi. Safiri na kalamu iliyojaa kabisa au tupu kabisa, na nibu itazame juu.

MWANGA HAUSEMI UONGO, MTU HUSEMA

Kalamu ikimalizika hupigwa picha. Hapa wengi hudhani kwamba kamera ya bei kubwa ndiyo siri, kumbe siri ni dirisha. Kalamu iliyong'arishwa ni kioo cha mviringo. Huonyesha kila kilicho mbele yake: dirisha, taa, mkono, hata pua ya mpiga picha. Taa ya kamera yenyewe huiharibu, kwa sababu huweka doa jeupe kali katikati na kuacha kwingine giza. Mimi huiweka kalamu juu ya karatasi nyeupe, kando ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, asubuhi ya mawingu ikiwezekana. Upande wa pili husimamisha karatasi nyingine nyeupe ili irudishe mwanga kwenye kivuli. Taa za ndani huzima zote, kwani taa ya manjano ikichanganyika na mwanga wa mbinguni rangi ya rezini huwa ya uongo. Kamera, ijapokuwa ni ya simu, huisimamisha juu ya kitu imara, nikarudi nyuma kidogo ili kalamu yote ionekane kwa ukali ule ule toka ncha hadi mkia.

Dirisha likikaa vizuri huchora juu ya mwili wa kalamu mstari mmoja mrefu wa mwanga. Mstari huo ni shahidi. Ukienda umenyooka bila kukatika, kalamu imenyooka. Ukitetemeka, msasa haukwenda sawa. Ukiwa na kovu, hapo pana shimo. Mnunuzi mwenye macho hutazama mstari huo kabla ya kutazama rangi.

Lakini kalamu ni mviringo, na picha ni bapa. Kila picha moja huonyesha nusu ya kalamu na kuificha nusu. Nani achague nusu ya kuonyesha? Ni yule yule anayeiuza. Na hapo ndipo mimi nilipoanguka.

UBAVU WA PILI

Ilikuwa mwezi wa Julai. Nilikuwa nimetengeneza kalamu ya milulu ambayo niliona ni nzuri kuliko zote nilizopata kuzitengeneza. Wino wake ulijazwa moja kwa moja ndani ya mwili, bila bomba, ili unyasi uonekane ukielea mbele ya wino. Nilipofika namba za mwisho za msasa, karibu na shingo kilitokea kitundu, kidogo kuliko kichwa cha pini: kiputo cha ile baridi, ambacho patasi ilikuwa imekiachia ngozi nyembamba tu. Nilijua la kufanya. Kalamu ya namna hiyo haina budi kuwekwa kando. Badala yake nilitia tone la gundi, nikapitisha msasa, nikang'arisha, na kikawa hakionekani isipokuwa kwa anayekijua. Kisha nikaigeuza kalamu, upande ule ukatazama chini, nikapiga picha. Mstari wa mwanga ulitoka umenyooka kama barabara ya Makambako.

Aliyeinunua ni mwalimu mstaafu wa Mbeya. Aliiona katika picha, akapenda, akatuma fedha bila kuomba punguzo. Baada ya wiki chache aliivaa kifuani siku ya mahafali ya mjukuu wake. Joto la mwili likaivimbisha hewa iliyokuwa ndani, gundi ikaachia, na wino ukatoka kwa kile kitundu ukaenea shatini mwake, mbele ya watu. Msomaji ajiwekee mwenyewe picha hiyo: mzee aliyefundisha watoto wa watu kuandika miaka yote, amesimama siku ya furaha na doa jeusi juu ya moyo.

Nilipompigia simu nikamwamkia shikamoo, aliitika marahaba kwa upole ulionitisha kuliko matusi. Hakutaka fedha. Alikuwa amekwisha kuirudisha kalamu kwa basi, na pamoja nayo barua, iliyoandikwa kwa mkono ule wa walimu wa zamani ambao herufi zake husimama kama wanafunzi mstarini. Katika barua hiyo aliomba kitu kimoja tu. Alitaka nimpelekee picha ya ubavu wa pili.

Barua hiyo niliisoma mara nyingi. Hakuniuliza kama nilijua. Aliniomba tu ile picha ambayo ningeipiga tangu mwanzo kama ningekuwa mtu mkweli, na kwa kuiomba alinionyesha kwamba hasara ilianza dirishani kwangu, siku ile niliyoigeuza kalamu, kabla gundi haijaachia. Kiputo kilikuwa kazi ya baridi ya Julai, na baridi haina dhambi. Kugeuza kalamu ilikuwa kazi yangu.

Nilipiga picha hiyo. Niliitumia karatasi ile ile nyeupe na dirisha lile lile, kitundu kikiwa juu, nikaipeleka Mbeya pamoja na fedha zake zote. Kisha nikaanza kalamu ya pili, nikakataa kuimimina mpaka Oktoba joto liliporudi. Tangu wakati huo kila kalamu naipiga picha nne za mwili, nikiizungusha robo kwa robo, nyingine ya nibu kwa karibu, na moja ya mstari ulioandikwa nayo, huku rula imelala kando ili mtu asidanganyike juu ya ukubwa. Penye kasoro naandika kwamba ni kasoro, na bei naipunguza au kalamu siiuzi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Zama zao mnunuzi alikishika kitu kwa mkono, akakigeuza mwenyewe. Leo kizuri na kibaya vyote hujitembeza kwa picha, na mkono wa mnunuzi wa Songea, Nairobi au Muscat haufiki Kihesa. Wa kugeuza kitu kwa niaba yake ni muuzaji. Kwa hiyo picha ya biashara ni ahadi, na anayeipiga ametia saini.

KWA VIJANA WA NYANDA ZA JUU

Jambo hili lina uzito kuliko kalamu moja. Mji wetu umekwisha kuonyesha kwamba kazi ya mikono ikifanywa kwa uaminifu hupata soko. Neema Crafts, hapa hapa Iringa, ilianza mwaka 2003 kwa vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa mkono, hata kutokana na kinyesi cha tembo, na ikawa mahali panapotafutwa na wageni wa nchi nyingi. Vikapu vya milulu vimekwenda mbali kuliko wasukaji wenyewe. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lipo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya mafundi wadogo, na vyuo vya VETA hufundisha kukereza na kukata hesi. Misonobari ya Mufindi hutoa utomvu, mbao na karatasi ngumu ya kufungashia. Mpingo wa kusini hutafutwa na watengenezaji wa zumari na kalamu duniani. Hatukosi mali wala mikono. Kinachoweza kutuponza ni pale sifa ya wengi inapoharibiwa na picha ya mmoja aliyegeuza kasoro chini.

Kijana anayetaka kujaribu asianze na kalamu. Aanze na kitufe cha droo au kishikio cha bisibisi, ajifunze tabia ya rezini na baridi ya kwetu. Apate kinga ya kifua kabla ya rangi za kupendeza. Amtafute seremala mwenye subira. Na siku atakapopata kitu cha kuuza, akiweke dirishani, akizungushe chote, na asiruke robo hata moja, kama asivyoruka namba ya msasa.

Mwalimu wa Mbeya alipokea kalamu ya pili mwezi wa Desemba. Baada ya siku kadhaa aliniletea picha. Amesimama nyuma ya nyumba yake, amevaa shati jeupe, na mfuko wa kifuani ni mtupu. Kalamu ameishika mkononi, ameinyoosha mbele ya kamera, na unyasi wote unaonekana.